Akili za Watoto Wetu Zapimwa kwa Kipimo cha Nani?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama wa tawi na jamaa zao katika mkutano wa masomo wa Jumamosi jioni. Mhariri aliniomba niyaandike ili wale waliokuwa zamu wayasome nao.)



Nilipompa Katibu jina la mazungumzo yangu alicheka, akaniuliza, "Wewe mtu wa breki, mambo ya akili za wanafunzi yamekupata wapi?" Nikamjibu kwamba yamenipata nyumbani kwangu, mezani, kando ya sahani ya ugali. Basi na nianzie hapo.

Binti yangu yuko Gredi ya 9. Siku moja alirudi na karatasi ya maswali ambayo yeye na wenzake walijazishwa shuleni. Jina la shule sitalitaja, maana walimu wake ni watu wema na karatasi hiyo hawakuitunga wao. Juu yake iliandikwa kwamba itaonyesha mtindo wa kufikiri wa kila mwanafunzi, ili ijulikane anafaa kuelekezwa wapi atakapoingia Gredi ya 10. Ninyi wazazi mwajua kwamba mtaala huu ulioanza mwaka 2017 una njia tatu katika sekondari ya juu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, ya masomo ya jamii, na ya sanaa na michezo. Kwa hivyo karatasi hiyo haikuwa mchezo.

Ndani yake mlikuwa na maneno kama haya: kwamba mimi hupendelea kupanga kazi yangu kuliko kupangiwa, au kwamba mimi huanza na jambo zima kabla ya kutazama vipande vyake. Mbele ya kila neno kuna namba, kuanzia 1 mpaka 7. Ukiandika 1, maana yake si wewe kabisa. Ukiandika 7, maana yake ni wewe barabara. Binti yangu alikuwa ameandika 4 karibu kila mahali, toka juu mpaka chini, kama mtu anayepiga muhuri. Na chini kabisa mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu ya kuwa mtoto huyu hana mwelekeo.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Baba, ningeandika 7 ningeonekana najisifu. Ningeandika 1 ningeonekana mkaidi."

Ndugu zangu, huyu ni mtoto ambaye nikimtuma dukani na noti moja hurudi na vitu sita na chenji kamili, na tena humwambia mwenye duka wapi amekosea hesabu. Nilikasirika. Halafu nikaona hasira haijazi tumbo, nikaanza kwenda maktaba siku zangu za mapumziko. Shule yangu ilikuwa ya misheni na ilikoma darasa la nane, kwa hivyo kile Kiingereza kigumu nilisaidiwa na mwalimu jirani yangu, naye nilimlipa kwa kumtengenezea baiskeli. Haya nitakayosema ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, juu ya hiyo 4. Mwaka 1995 watafiti watatu, Chuansheng Chen, Shin-ying Lee na Harold Stevenson, walichapisha habari za wanafunzi wa sekondari wa Japani, Taiwan, Kanada na Marekani, waliopewa karatasi za namba kama hizo. Waliona kwamba vijana wa Japani na Taiwan walipenda zaidi namba za katikati, na Wamarekani wakapenda zaidi namba za mwisho kuliko wengine wote. Basi ukiwaweka kwenye mizani moja utadhani Mmarekani ana msimamo mkali na Mjapani hana lolote moyoni, kumbe umepima adabu ya kujibu tu. Kuna na jambo jingine. Mtoto ukimwuliza kama yeye ni mtulivu, hujilinganisha na wale anaokaa nao. Mtulivu wa nyumba moja ni mpiga kelele wa nyumba nyingine. Namba ni ile ile, lakini haina maana ile ile.

Sisi watu wa reli jambo hili halitupi taabu kulielewa. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 ina milimita 1,435. Ukileta behewa la moja juu ya nyingine haliwezi kwenda, na hakuna fundi mwenye akili timamu atakayesema behewa ni bovu. Atauliza limetengenezwa kwa reli gani.

Lakini kwa akili za watu, swali hilo lilichelewa sana kuulizwa. Mtihani wa akili kama tunavyoujua ulianza Paris mwaka 1905, nao ulitungwa na Alfred Binet na Théodore Simon. Kusudi lao lilikuwa jema: kuwatambua watoto waliohitaji msaada darasani. Binet mwenyewe alipinga wale waliosema ya kuwa akili ya mtu haiongezeki. Lakini mitihani ilivuka bahari, na ilipofika kwingine ilikuta watu ambao tayari walikuwa na jibu mfukoni. Hapa Kenya, katika miaka ya 1930, madaktari H. L. Gordon na F. W. Vint walipima mafuvu na ubongo wa Waafrika wakadai wameona upungufu. Mwaka 1953 J. C. Carothers, ambaye aliwahi kuongoza hospitali ya Mathari, alichapisha kitabu kupitia Shirika la Afya Duniani, akimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Wakati huo huo hapa relini mishahara ilikuwa kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Sisemi madaktari hao ndio waliopanga mishahara. Nasema mwenye kutaka kulipa kidogo hakukosa kitabu cha kutegemea.

Tuyaache hayo, maana leo hakuna msomi wa maana anayeyatetea. Nataka tuzungumze juu ya wale waliouliza swali vizuri zaidi.

Mwaka 1931 na 1932 Mrusi mmoja, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistan, katika Asia ya Kati, kuzungumza na wakulima ambao wengi wao hawakusoma. Aliwaonyesha picha nne: nyundo, msumeno, gogo na shoka. Akawauliza, ni kipi kisichofanana na vingine? Mtu aliyesoma atasema gogo, maana vile vitatu ni zana. Wakulima walikataa. Walisema vyote vyatakiwa pamoja, maana msumeno na shoka bila gogo vitafanya kazi gani? Kisha akawapa fumbo: huko kaskazini ya mbali penye theluji dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, je, dubu wa huko wana rangi gani? Wengi walijibu kwamba hawajafika huko, na wao hawasemi jambo wasiloliona, aulizwe aliyefika.

Nilipomsomea mama yangu mzazi jambo hili, alisema hao wakulima walikuwa watu waaminifu. (Kicheko.) Na kweli, mtu huyo huyo akiitwa mahakamani kutoa ushahidi, hakimu atamsifu kwa jibu lile lile.

Luria hakuliona hivyo sawasawa. Yeye alisema hiyo ni fikra ya chini itakayopanda. Lakini aliona jambo moja kubwa: wale waliokuwa wamekwenda shule hata kwa muda mfupi tu, au waliokuwa wameingia katika mashamba ya ushirika na kuzoea kupanga kazi pamoja, walijibu kama watu waliosoma. Kwa hivyo si damu. Ni mazoea. Serikali yake haikuifurahia kazi hiyo, wakubwa wakasema imewatukana watu wa Asia ya Kati, na kitabu chake hakikutoka mpaka mwaka 1974.

Sasa twende Liberia, maana huko ndiko nilikocheka peke yangu maktabani mpaka karani akanitazama. Katika miaka ya 1960 Wamarekani kina Michael Cole, John Gay na Joseph Glick walifanya kazi na Wakpelle, ambao ni wakulima wa mpunga. Wakawawekea watu vitu 20 mbele yao: vyakula, vyombo, zana na nguo. Wakawaambia, pangeni vinavyokwenda pamoja. Watu wakaweka kisu na chungwa, kiazi na jembe. Maana kisu hukata chungwa, na jembe hufukua kiazi. Wapimaji wakaandika: hawajui kupanga kwa aina. Tena wale watu wakawa wanaeleza ya kuwa mwenye busara hupanga hivyo. Mwishoni mpimaji alichoka, akauliza: na mpumbavu angepangaje? Basi wakaviweka upesi mafungu manne, vyakula huku, zana huku, nguo huku, vyombo huku, safi kabisa kama katika kitabu cha Mzungu.

Mwaona? Ujuzi walikuwa nao tangu mwanzo. Hawakuuona kuwa ndio akili. Mpimaji angeondoka saa moja mapema, angalirudi kwao na ripoti kwamba Mkpelle hawezi, na ripoti hiyo ingewekwa muhuri, na mtu wa wizara angeitumia.

Watu hao hao walijaribu na jambo jingine. Waliweka mchele katika bakuli, wakauliza, hapa pana vikombe vingapi? Wakpelle walikadiria karibu sana na ukweli, na Wamarekani waliosoma wakakosea vibaya. Mama zetu sokoni hawatashangaa. Mwenye kupima mahindi kwa gorogoro tangu utotoni hatafuti mizani ili ajue kama amepunjwa.

Nataka nikae kidogo juu ya watoto, maana ndio waliotuleta hapa. Mwaka 1979 Robert Serpell, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Zambia, alichapisha jaribio ambalo hata mimi ningeweza kulifanya uani. Alichukua watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza. Akawapa kazi ya kuiga maumbo kwa njia mbalimbali: kwa kalamu na karatasi, kwa waya, na kwa udongo. Kwa kalamu, watoto wa Manchester walishinda. Kwa waya, watoto wa Lusaka walishinda. Kwa udongo, ambao kote watoto huuchezea, hapakuwa na tofauti. Sisi tuliokulia huku twajua siri ya waya. Nani hapa hakutengeneza gari la waya lenye usukani mrefu na matairi ya kifuniko cha chupa? Sasa, jaribio moja tu lingefanywa, lile la kalamu, tungesomewa kwamba mtoto wa Kiafrika ana upungufu wa kuona maumbo. Na kama lingefanywa la waya tu, upungufu ungekuwa wa Mwingereza. Serpell alifanya yote, ndiyo sababu namheshimu.

Na hapa kwetu Kenya? Sara Harkness na Charles Super walikaa na Wakipsigis huko Kokwet katika miaka ya 1970. Mtoto aliambiwa hadithi, kisha akatakiwa kumrudishia mpimaji mtu mzima. Wengi walikaa kimya. Kimya hicho, kwa mtu asiyejua, ni sifuri. Lakini mtoto wa huko hufundishwa kusikiliza mkubwa na kutenda alilotumwa, si kukaa mbele yake na kutoa hotuba. Wazee wa kijiji, walipotaka kumtaja mtoto mwenye akili, walimtaja yule unayemtuma mbali akafanya jambo kwa kuaminika bila kusimamiwa.

Kule Usenge, upande wa Ziwa, Robert Sternberg na wenzake, pamoja na Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walipima watoto 85 wa miaka 12 mpaka 15. Walitunga mtihani juu ya dawa za miti shamba ambazo watoto wenyewe huzitumia kwa minyoo na maradhi mengine: dawa gani ni ya nini, na kiasi gani. Habari yake ilichapishwa mwaka 2001. Watoto waliojua dawa zaidi hawakuwa wale wa maksi za juu darasani. Kinyume chake, walielekea kuwa na maksi za chini zaidi katika mitihani ya namna ya shule. Watafiti walieleza ya kuwa kuna nyumba zinazotia nguvu zao katika masomo ya shule, na nyumba zinazomwandaa mtoto kwa maisha ya kijiji, na mtoto hujifunza kile ambacho watu wake wanakiona kina faida. Watafiti wa kundi hilo walikuta pia kwamba Waluo hawana neno moja la akili bali manne: rieko, luoro, winjo na paro. Kwa ufupi ni ujuzi, heshima, kuelewa namna ya kushika mambo ya maisha, na kuwaza na kuanzisha jambo. Kati ya hayo manne ni rieko tu lililokwenda pamoja na maksi za shule. Hayo mengine matatu mtihani hauyaoni.

Nawaona wengine wanatikisa kichwa wakisema, basi na tutupe mitihani yote, Mwafrika ana akili yake ya namna yake. Hapo ndipo nataka twende polepole, maana nyuma ya shimo la kwanza kuna la pili, na la pili limefunikwa kwa majani mazuri.

Tangu miaka ya 1940 Herman Witkin wa Marekani alianza kusema kwamba watu hutofautiana si kwa kiasi cha akili bali kwa mtindo. Alimkalisha mtu katika chumba chenye giza mbele ya fremu inayong'aa iliyoinamishwa, na ndani yake fito. Akamwambia, simamisha fito wima. Wengine huiweka wima kweli. Wengine huifuata fremu, wakaipinda bila kujua. Baadaye John Berry alichukua vipimo vya jamaa ya hivyo kwa Watemne wa Sierra Leone na kwa Wainuit wa Kanada, akachapisha mwaka 1966. Wainuit waliona vitu vidogo katika michoro upesi zaidi, naye akasema mwindaji katika nchi nyeupe isiyo na alama lazima azoee kuona kidogo kilichobadilika. Mwaka 1972 Liang-Hwang Chiu aliwapa watoto wa Taiwan na wa Marekani picha za ng'ombe, kuku na majani. Wamarekani walielekea kuunganisha ng'ombe na kuku, maana wote ni wanyama. Wataiwan walielekea kuunganisha ng'ombe na majani, maana ng'ombe hula majani. Mwaka 2001 Takahiko Masuda na Richard Nisbett waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo filamu za samaki. Wamarekani walimtaja samaki mkubwa. Wajapani walitaja pia maji, mimea na mawe. Nisbett akaandika kitabu mwaka 2003, na watu wengi wakapenda kusema kuwa wa Mashariki huona msitu na wa Magharibi huona mti.

Haya ni mambo mazuri kuyajua. Lakini angalieni kinachofuata. Mwalimu amesikia kwamba watoto wa kabila fulani au mtaa fulani hufikiri kwa pamoja na si kwa vipande. Kesho yake hawapi hesabu ngumu. Atasema kwa upole, huu si mtindo wao. Zamani tulifungiwa mlango kwa matusi, sasa tutafungiwa kwa sifa. Mimi mlango uliofungwa kwa sifa siuoni tofauti yake nikiwa nje kwenye mvua.

Tena ushahidi wenyewe hauruhusu. Tofauti hizi ni za wastani wa makundi. Ndani ya kila kundi watu hupishana mno. Nazo hubadilika. Sylvia Scribner na Michael Cole walirudi Liberia kwa Wavai, watu wenye herufi zao wenyewe zilizotungwa katika karne ya 19 na zinazofundishwa nyumbani, si shuleni. Katika kitabu chao cha mwaka 1981 walionyesha kwamba kuelezea sababu za mafumbo kulitokana hasa na shule. Wale waliojua herufi za Kivai bila shule walipata ujuzi wao wa pekee, kwa mfano kumweleza mtu asiyeuona mchezo jinsi unavyochezwa, maana wao hutumia herufi hizo kuandikiana barua. Kila kazi huacha alama yake. Na kuhusu kumfundisha kila mtoto kwa mtindo wake tu, Harold Pashler na wenzake walipitia uchunguzi uliokuwako mwaka 2008, wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo lasaidia.

Sasa mtaniuliza chama cha wafanyakazi kinahusika vipi. Kinahusika, maana karatasi inayomgawa mtoto shuleni ni jamaa ya karatasi inayomgawa baba yake kazini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Afrika Kusini, taasisi ya utafiti iliyoongozwa na Simon Biesheuvel ilitunga mitihani ya kuwagawa Waafrika walioingia migodi ya dhahabu. Kwa kuwa walitoka nchi nyingi na lugha nyingi, maelekezo yalitolewa kwa filamu isiyo na maneno. Ilikuwa kazi ya ustadi, sikatai, na Biesheuvel mwenyewe alijua kwamba kipimo cha Mzungu hakimpimi Mwafrika sawasawa. Lakini aliyepata maksi za juu alipata nini? Aliwekwa kazi nzuri kidogo miongoni mwa Waafrika. Kazi ya ufundi ilikuwa imefungwa kwa sheria ya rangi, hata angepata maksi zote zilizoko duniani.

Marekani mambo yaligeuka, na ni wafanyakazi waliyageuza. Katika kituo cha umeme cha Dan River, North Carolina, kampuni ya Duke Power iliwaweka watu weusi katika idara moja tu, ya vibarua, ambapo mwenye mshahara mkubwa kabisa alipata chini ya mdogo wa idara nyingine. Sheria ya kukataza ubaguzi kazini ilianza kufanya kazi tarehe 2 Julai 1965. Siku hiyo hiyo kampuni ikaweka masharti ya mitihani miwili, mmoja wa akili na mmoja wa mambo ya mashine. Wafanyakazi 13, Willie Griggs akiwa wa kwanza katika orodha, wakaenda mahakamani. Tarehe 8 Machi 1971 Mahakama Kuu ya nchi ile ikaamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba kampuni haikuonyesha mitihani hiyo inahusiana na kazi yenyewe. Tena ikasema nia njema haitoshi. Wazungu walioingia kabla ya masharti hayo walikuwa wakifanya kazi vizuri bila kufanya mtihani wowote.

Mimi niliwahi kuona cha namna hiyo, mahali nilipofanya kazi zamani ambapo sitapataja. Tulipewa karatasi yenye michoro ya masanduku yaliyofunuliwa, utambue likikunjwa litakuwaje. Nilipita, maana nilikuwa nimetoka shule juzi. Mzee aliyenifundisha kusikia bomba la breki linalovuja kwa sikio, kabla geji haijashuka, hakupita. Nikapandishwa, naye akabaki chini yangu. Asubuhi ya kwanza aliniita "bwana mkubwa", kisha akaniuliza kama sanduku likikunjwa treni husimama. Sikuwa na jibu, na sina hata leo.

Kuhusu binti yangu, nilikwenda shuleni. Sikwenda kugomba. Nilimwuliza mwalimu mambo yaliyonitatiza: karatasi hii ilijaribiwa kwa watoto wa wapi kabla ya kuletwa, nani alihakikisha kwamba ukiitafsiri inauliza jambo lile lile, na kama matokeo yake yanaweza kumzuia mtoto njia anayoitaka. Yale mawili ya kwanza hakuyajua, akasema kweli kwamba hajui. La tatu alisema ni ushauri tu. Nikamwomba aandike hivyo, "ushauri tu", karibu na yale maneno mekundu, na atie sahihi. Aliandika. Kisha tukamwita mtoto, akaulizwa kwa mdomo, pole pole, anataka nini. Akasema anataka umeme.

Baada ya mazungumzo, mama mmoja aliuliza kama mtoto wake asiyepita mtihani wowote basi ni mtaalamu wa dawa za miti. Kila mtu alicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Nilimwambia hapana, huenda mtoto hakusoma, au haoni ubao, au ana njaa, na hayo yatazamwe kwanza. Mtihani wa somo alilofundishwa ni haki aufanye. Ninachokataa ni karatasi inayodai kujua mtoto ni mtu wa namna gani.

Kamati ya masomo imekubali kuandika barua kwa shule zilizo karibu na nyumba za wafanyakazi, kuomba wazazi waonyeshwe karatasi za namna hii kabla hazijajazwa. Barua iko kwa Katibu. Wenye watoto wa Gredi ya 8 na 9 wafike ofisini kutia sahihi, na waliopewa karatasi tayari wailete au walete nakala, hata ikiwa imekunjwa au imemwagikiwa chai. Ofisi huwa wazi saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, isipokuwa Jumapili.